Upinde wa Anyitike

Yustina alitokea Bukoba, akapangiwa kazi ya uuguzi kwenye zahanati ya kijiji kimoja huko Kinyala. Alipanga chumba kwa mzee Ambindwile, aliyekuwa akiishi na binti yake Anyitike, mwalimu wa michezo. Chuoni Anyitike alikuwa amejifunza kulenga shabaha kwa upinde. Kila akitoka shuleni alisimama nyuma ya nyumba, ubavuni mwa shamba la chai, akapiga mishale kwenye gunia lililoshindiliwa majani makavu ya migomba. Hata alipokuwa mjamzito hakuacha. Baba yake alikaa kwenye baraza ya nyuma akisikiliza. Tu, mshale unaingia. Kimya. Tu.

Siku Anyitike alipojifungua, damu haikukata. Yustina alifanya yote aliyofundishwa. Gari likaja, wakaondoka naye kwenda Tukuyu mvua ikimwagika, na kabla hawajafika barabara ya lami alikata roho, Yustina amemshika mkono. Mtoto alichukuliwa na bibi yake mzaa baba, Mbeya.

Baada ya matanga Yustina alianza kufunga mizigo. Hakujua angepitaje mbele ya baraza ile kila asubuhi. Mzee hakumlaumu, wala hakumwuliza neno, na hilo ndilo lililomkosesha usingizi.

Kabla hajamaliza kufunga, mzee alipiga hodi, upinde mkononi.

"Nyumba imenyamaza mno, mwanangu," alisema. "Nipigie."

"Mzee, sijawahi hata kuushika."

"Nitakuelekeza. Nimemtazama miaka mingi."

Yustina hakuweza kukataa. Mwanzoni ugwe wa upinde ulimchapa mkono kwa ndani mpaka ukavilia damu. Kazini akawa anavaa sweta la mikono mirefu ili wagonjwa wasimwulize. Mishale ilianguka njiani au ikapotelea kwenye chai. Mzee, akiwa barazani nyuma ya mgongo wake, alimsahihisha bila haraka. Simama ubavu. Usivute kwa vidole, vuta kwa mgongo. Mkono ufike chini ya kidevu ndipo uachie. Kwenye nyasi palikuwa na mabaka mawili yasiyoota kitu, mahali nyayo za Anyitike zilipozoea kukaa. Mzee alitaka akanyage hapo hapo. Yustina akakanyaga, na miguu yake ikaenea.

Mvua za masika zilipokolea, mishale ilianza kuingia. Mzee akawa anasikiliza amefumba macho. Yustina naye alijikuta na mambo ambayo hakuna aliyemwelekeza: kukohoa kidogo kabla ya kuvuta, kupangusa kiganja kwenye sketi.

Alasiri moja ya ukungu, jirani yao Prisca alikuja na mkungu wa ndizi kichwani. Alipofika kona ya nyumba alisimama, mkungu ukamdondoka.

"Anyitike," alisema kwa sauti ndogo.

Yustina aligeuka upesi, kama mtu aliyeitwa jina lake.

"Nisamehe, dada," Prisca alisema, akiinama kuokota ndizi bila kumtazama. "Ni kule kukohoa. Nani amekufundisha?"

Yustina aliinama naye kuokota. Tangu hapo akaanza kuchelewa kutoka kazini kwa makusudi. Lakini mzee alimngoja, hata kwenye baridi, na alipomwona anaingia alinyanyuka kumletea upinde.

"Anyitike, inua kiwiko," alisema siku moja, macho yamefumbwa.

"Sawa, baba," Yustina akaitika.

Yustina aliteremsha upinde.

"Mzee, mimi ni Yustina. Natumia mkono wa kushoto. Kuandika, kulima, hata kuchoma sindano."

"Mbona hukusema?"

"Ulitaka nishike kama yeye."

Upinde ulikuwa wa mbao tupu, unashikika kwa mkono wowote. Yustina aliuhamishia kulia, akageuza miguu, na kwa kugeuka hivyo uso wake ukaelekea barazani. Tangu mazishi walikuwa hawajatazamana machoni. Alivuta, akaachia. Mshale ulikwaruza ukingo wa gunia ukaanguka.

Mzee alimtazama muda mrefu.

"Kwenye gari," alisema, "alisema nini?"

"Aliuliza kama mvua imekatika."

"Ilikuwa imekatika?"

"Hapana. Nilimwambia imekatika."

Mzee alitikisa kichwa polepole. "Ndaga, mwanangu," alisema, akimshukuru kwa Kinyakyusa, kisha akajifuta uso kwa kofia yake. "Endelea."

Yustina alipiga tena, vibaya, mshale ukapita juu ya gunia ukaingia kwenye chai. Wakaenda wote kuutafuta, kila mmoja na mstari wake, wakipekua majani yaliyolowa. Hawakuuona. Upande wa pili wa shamba, ndani ya ukungu, mtu alikohoa kidogo. Yustina aliinua kichwa, akaona mzee naye ameinua chake. Wakarudi nyumbani, na mzee akamshika mkono mpaka barazani.