Matumbawe Yaliyofumba Mikononi mwa Emiliana

Emiliana alizaliwa Mtinko, akalima alizeti na uwele mpaka mumewe alipofariki, ndipo akaja mjini Singida kufanya kazi za ndani kwa mzee Hezekia. Bahari hakuwahi kuiona. Mzee yeye alikuwa bwana samaki wa serikali kule Tanga kwa miaka mingi, na alipostaafu alirudi kwao na tangi la kioo la lita mia tatu, akaliweka sebuleni mahali ambapo wengine huweka kabati la vyombo. Ndani yake mlikuwa na maji ya chumvi, pampu zisizonyamaza, taa ya buluu, na vitu ambavyo Emiliana alishindwa kuvipa jina.

"Mzee, haya ni mawe au majani?" aliuliza wiki ya kwanza.

"Ni matumbawe, mama Winfrida. Ni wanyama."

"Wanyama? Mbona hayana vichwa?"

"Yana midomo. Kila kijitundu unachokiona ni mdomo."

Emiliana alirudi jikoni kuchagua mchele. Mnyama mwenye midomo mia na asiye na kichwa! Hakuuliza tena, lakini kila alipopiga deki sebuleni alikuwa akiyatupia jicho, yakipunga vidole vyake laini ndani ya maji.

Mwezi wa tisa mzee akaitwa Dodoma kufanyiwa upasuaji wa macho. Asubuhi ya safari, gari likimsubiri nje, alimwonyesha Emiliana mstari aliouchora kwenye kioo. "Maji yakishuka chini ya hapa, ongeza. Usiyaache yashuke."

"Sawa, mzee. Safari njema."

Nyuma ya jiko yalikuwepo mapipa mawili, moja la maji ya mvua yaliyochujwa na jingine la maji ambayo mzee mwenyewe aliyakoroga na chumvi yake maalumu. Maji ya lipi? Mzee hakusema, na gari lilikuwa limeshaondoka. Emiliana alijishauri mwenyewe. Hawa ni wanyama wa chumvi, basi wapewe maji ya chumvi. Upepo wa Singida mwezi ule haukuwa na huruma, na kila siku maji yalishuka, naye kila siku akajaza kutoka pipa la chumvi mpaka kwenye mstari, sawasawa kabisa.

Siku ya tisa matumbawe yalifumba. Vile vidole viliingia ndani, na tumbawe moja lenye matawi kama pembe za digidigi likaanza kupauka nchani. Emiliana alisimama mbele ya kioo na ndoo mkononi. Alikuwa amefanya alichoambiwa. Sasa kosa liko wapi?

Alipiga simu. Aliyepokea ni Loyce, mpwa wa mzee aliyekuwa akimuuguza.

"Amefungwa macho yote mawili, mama, na dawa zimemlaza. Nimemuuliza, anasema mstari tu. Mstari, mstari. Mstari gani?"

"Mstari nauona," alisema Emiliana. "Nisichokiona ni ugonjwa."

Jirani yake, Alute, alikuja kuangalia, akatikisa kichwa. "Yamechoka maji ya kukoroga. Yaletee maji ya ziwani. Si nayo yana chumvi?" Alikuwa na nia njema, na jioni ile ile akamletea ndoo nzima kutoka Ziwa Singidani. Emiliana aliyanusa maji yale. Hayakunuka kama ya kwenye tangi. Chumvi si chumvi? Hakujua. Aliiacha ndoo mlangoni, akamshukuru Alute, na akaendelea kujaza kutoka pipa lake lile lile, maana hakuwa na wazo jingine.

Kesho yake akakumbuka kipimo cha chumvi cha mzee, kibweta cha plastiki chenye mshale, na alama ya wino mwekundu kwenye thelathini na tano. Aliteka maji ya tangi, akatazama. Mshale ulikuwa karibu na arobaini. Akamwaga, akateka tena. Vilevile. Nani ameongeza chumvi? Ndani ya nyumba alikuwa peke yake!

Alitoka nje kupunga hewa, na pale mlangoni akaiona ndoo ya Alute. Upepo na jua vilikuwa vimeyapunguza maji, na ukutani mwa ndoo, pale maji yalipokuwa yamefika jana, palibaki ukanda mweupe. Aliugusa kwa kidole, akauonja. Maji yalikuwa yameondoka, chumvi ikabaki. Na yeye kila siku alikuwa akiongeza chumvi juu ya chumvi.

"Yesu wangu," alisema, "nimeyakaanga."

Alitaka kumwaga ndoo nzima ya maji ya mvua kwa mara moja, akajizuia. Mtu aliyeshinda njaa hapewi sinia zima. Akaanza kwa jagi, asubuhi moja, mchana moja, jioni moja: anateka jagi la maji ya tangi na kulimwaga nje, kisha anajaza maji ya mvua mpaka kwenye mstari, huku akipima kila siku. Mshale ulirudi polepole, na ulipoikuta alama nyekundu, baadhi ya matumbawe yalifumbua. Lile la pembe za digidigi lilikuwa limekufa, jeupe kama mfupa.

Mzee aliporudi, Emiliana alimwamkia na kumweleza yote kabla hajavua koti. Mzee alisogeza uso karibu na kioo, akatazama kwa muda mrefu.

"Kosa ni langu. Nilikuonyesha mstari, sikukuonyesha pipa."

"Lakini mzee, lile ndilo lilikuwa gumu kuliko yote. Haya laini yamepona, lile limekufa. Kwa nini?"

Mzee alipapasa kioo usawa wa lile tumbawe jeupe.

"Na yaliumia?" aliuliza Emiliana.

"Nimeyafuga miaka kumi na miwili, mama Winfrida. Hilo sijui."

Emiliana aliona maji yameshuka chini ya mstari, akaenda kwenye pipa la maji ya mvua kujaza jagi.