Barua ya Rahabu ya Kuomba Kazi

Mwandishi wa barua wa soko la Mtinko alikuwa hachovyi kalamu mpaka mwombaji amsalimie kwa sauti mkubwa anayeandikiwa, kana kwamba yuko mbele yake. Alifuta nibu kwa kitambaa, akatega sikio. Rahabu, mtoto mgongoni, alitaka kazi ya kufua mashuka ya hospitali mjini. Akapiga magoti.

“Shikamoo, Bwana Mganga.”

“Simama, mama. Barua haipigi magoti. Jina lake?”

“Silijui.”

“Afadhali. Wazungu huhamishwa, cheo hubaki.” Akaandika polepole huku akitamka: “Kwa Bwana Mganga Mkuu, Singida. Bwana, kwa heshima nyingi, mimi mke wa Isaka…”

“Isaka haombi kazi,” Rahabu akamkatiza. “Mikono itakayofua ni yangu.”

“Mzungu atauliza mumeo nani.”

“Akiuliza nitamjibu. Barua ianze na mimi.”

Mzee yule hata wino ukidondoka hakuwahi kutupa karatasi. Aliutazama mwandiko wake mzuri, akaichana karatasi katikati, akatandika nyingine. “Haya, binti nani?”

Rahabu akataja jina lake lote kwa sauti hadi wauza chumvi wakageuka, na mzee akaliandika kwa herufi kubwa kupita zile za Bwana Mganga.