Mabati ya Zamu Yangu

Miaka michache baada ya Uhuru, kila mwanamke wa upande wetu wa Gatitu alitaka kitu kimoja: nyumba ya mabati. Nyasi za kuezekea zilikuwa zimeadimika, maana mashamba yalikuwa yamepimwa na kila mtu amezungushia lake ua. Ndipo tukafanya kikundi. Wengi walikuwa wa kanisa la mchungaji, watatu tulikuwa wa kwa padre, na wakati huo hakuna aliyehesabu hivyo. Nahesabu mimi sasa, na sijui kama ni haki.

Kazi yetu ilikuwa kuchimba viazi katika mashamba ya Mweiga. Malipo hatukugawana. Tulinunua mabati mjini Nyeri, tukayabeba kichwani mpaka kwa mwenye zamu, tukiimba njia nzima. Zamu tulizipigia kura kwa maharagwe ndani ya kibuyu. Aliyetoa jeupe alikuwa wa kwanza, aliyetoa jeusi wa mwisho, na waliobaki walipatana wenyewe. Jeusi nililitoa mimi. Watu walicheka. Jirani yangu, ambaye ndiye alikuwa mwenyekiti, alinishika bega. Tuliolewa mwaka mmoja, na aliniita wakini, yaani mwenzangu wa rika.

"Wakini, usijali. Wewe utaezekewa na watu wamezoea. Sisi wa kwanza tutavujiwa!"

Nikangoja. Nilichimba viazi nikiwa na mimba, nikachimba nikiwa na mtoto mgongoni. Hakuna nyumba ambayo sikuibebea mabati. Mwishowe yangu yakanunuliwa, lakini fundi hakuwa amemaliza mbao, na nyumba yangu haikuwa na kufuli. Mwenyekiti akasema tuyaweke katika stoo ya kanisa lao, penye kufuli. Nilikubali. Ningekataaje? Ni nyumba ya Mungu.

Hapa lazima niseme upande wao pia. Siku hizo kanisa letu, ng'ambo ya mto, lilikuwa limepata mabati na kengele, na watu wetu walijivuna. Katekista wetu mwenyewe alisimama sokoni akawaambia wenzetu, "Nyinyi bado mnaomba chini ya nyasi kama kuku? Mungu atawaona aje na hiyo moshi yote?" Watu wetu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kwa hiyo majivuno yalianzia kwetu. Wao wakaanza kuezeka kanisa lao kwa haraka, maana walikuwa wanangojea wageni wakubwa, na mabati yao yakapungua upande wa nyuma.

Jumapili moja, nikitoka misa, niliangalia ng'ambo. Paa la kwa mchungaji lilikuwa linang'aa lote.

Sikupita nyumbani. Nilimkuta mwenyekiti akipepeta mahindi.

"Wakini, mabati yangu iko wapi?"

"Wazee waliomba tusaidie. Wageni walikuwa wanakuja. Ulitaka tuaibike mbele yenu?"

"Mbele ya nani?"

"Nyinyi wa padre."

Miaka yote ya viazi sikuwahi kuwa "nyinyi".

"Hiyo mabati ni jasho ya kikundi," nikasema.

"Na kikundi ilikaa ikasema sawa."

"Ilikaa lini? Mimi sikuitwa."

"Ungeitwa ungekataa."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti. Nafikiri alikuwa anasema ukweli tu, na labda aliamini nitangoja tena, kwa vile nilikuwa nimezoea kungoja.

Nikaenda kwa wale wenzangu wawili wa kwa padre. Nyumba zao zilikuwa tayari na mabati. Mmoja aliniambia, "Mama, mimi sitaki maneno. Kesho nitaazima chumvi hapo kwao." Wa pili alinipeleka kwa katekista, na katekista alifurahi. Hiyo furaha ndiyo sikuitarajia.

"Sasa tumewapata! Hii padre ataisema kanisani."

"Na nyumba yangu?"

"Nyumba tutaona baadaye. Kwanza wajulikane."

Padre akaihubiri habari yangu kanisani. Watu waligeuka kuniangalia, wengine kwa huruma. Hakuna aliyeleta hata msumari. Habari ikavuka mto, watu wakaacha kusalimiana njiani, na kikundi kikafa.

Baadaye viongozi wa makanisa yote mawili waliona aibu, wakaita maombi ya umoja, yafanyike kwa mchungaji kwa sababu ndiko kukubwa. Nilienda. Nilikaa nyuma, chini ya ule upande uliokuwa umepungukiwa mabati. Mabati yote hufanana, siwezi kuapa ni yale, lakini nilikaa hapo. Mhubiri alikuwa anasema sisi ni mwili mmoja, mvua ikaanguka. Juu kulinguruma mpaka tukawa tunaona mdomo wake tu ukienda, halafu akanyamaza akangoja. Ndani halikuanguka hata tone. Mimi nilikuwa nawaza watoto wangu nyumbani, wanasukuma kitanda wapi.

Mvua ilipopungua tuliambiwa tupeane mikono. Mwenyekiti alitoka mbele akanijia.

"Wakini, tusameheane. Sisi ni kitu moja."

"Nimesikia. Zamu yangu itafika lini?"

"Uuui! Hata hapa? Mbele ya Mungu unataja mabati?"

"Si hapa ndipo iko?"

Mtu mmoja nyuma yangu alicheka, akajifanya anakohoa. Mkono wangu sikuuondoa. Ni yeye aliyeuachilia kwanza. Mpaka leo najiuliza kama nilimharibia siku ambayo alikuja kwa moyo safi. Inawezekana alikuja kwa moyo safi, na mabati yangu bado yako juu ya kanisa lake.

Wiki hiyo alifika kwangu peke yake, mzigo wa nyasi mgongoni, umefungwa kwa mshipi wa kichwani. Alisimama nje bila kubisha.

"Hizi ni za kikundi ama ni zako?" nikamuuliza.

"Ni zangu. Nimezikata kando ya mto."

"Basi tua."

Nilimsaidia kushusha mzigo. Chai nilimpa, akainywa akiwa amesimama. Hakutaja kanisa, na mimi sikutaja mabati. Nyasi zake zilitosha upande wanaolala watoto. Upande wangu uliendelea kuvuja.