Vidole Viwili Chini ya Bati

Jua la saa saba likishapiga mabati, chumba cha Bi Cherehani kilikuwa tanuri. Si mchezo! Hata mkasi uliunguza vidole. Mwezi uliopita alizimia, kichwa juu ya gauni la mteja, na daktari akamwambia wazi: apoze chumba au aache kushona. Binti yake kitinda mimba hakumung'unya maneno. "Mama, tuweke karatasi ya kung'aa chini ya paa. La sivyo unahamia kwangu."

Kuhamia! Miaka thelathini na minane yumo katika nyumba aliyojengewa na mumewe, leo akawe mgeni kwa mkwe? Thubutu. Lakini karatasi nayo ilimchoma moyo. Chumba hakikuwa na dari. Akiinua macho kutoka kwenye cherehani aliona boriti za marehemu mumewe, na upande wa chini wa kila boriti mwandiko wa penseli yake: vipimo, na tarehe walizozaliwa watoto. Ubavuni mwa kila boriti kulikuwa na vijiti vyembamba visivyoshika chochote. Alimtania navyo maisha yake yote. "Baba watoto, mbao zilikuzidi?" Naye hucheka tu, misumari mdomoni. "Iko siku, bibie." Loo, alivyoukumbuka ule mcheko!

Fundi alipokuja, Bi Cherehani alimhoji kama hakimu.

"Uzuri wake?"

"Inarudisha joto lilikotoka, mama. Nyepesi, na mchwa haigusi."

"Ubaya?"

"Ikigusana na bati ni kazi bure, joto linapita. Lazima iachiwe nafasi ya hewa. Ikishika vumbi, mng'ao kwisha. Na simu inaweza kukamata mtandao kwa shida."

"Hilo la simu ni uzuri. Mkwe wangu anapiga mno."

Binti alicheka. Mama mtu hakucheka, kwa sababu fundi alikuwa anaonyesha kwa kidole: karatasi ingevutwa chini ya boriti, ukuta hadi ukuta. Kila alama ya penseli ingefunikwa. Kushona, au kumwona mumewe kila ainuapo macho, achague. Alikaa kitini kwake na kusema kwa sauti ndogo, "Haya. Panda."

Fundi akapanda ngazi, akapima kwa vidole, kisha akauliza, "Paa hili alijenga nani?"

"Mwenye nyumba. Kwani limeharibika?"

"Liharibike wapi! Vijiti hivi vyote viko vidole viwili chini ya bati. Hii ndiyo nafasi yenyewe ya hewa. Karatasi inakaa huku juu, kati ya boriti na boriti. Boriti zako zinabaki wazi, mama."

Akafuta vumbi kwenye kijiti cha kwanza. "Kuna maandishi hapa. 'Ya karatasi ya kung'aa. Chumba cha mke wangu. Nikijaliwa.'"

Hakujaliwa. Ada za shule zilitangulia, kisha maradhi. Na yeye alimcheka miaka yote ile! Machozi yalimtoka Bi Cherehani, wala hakuyafuta.

"Nikipigilia, haya maandishi yatafunikwa," fundi alisema. "Nikiache kijiti hiki?"

Binti alimtazama mama yake, akangoja.

"Usikiache," Bi Cherehani alisema. "Hicho ndicho uanze nacho. Kimengoja vya kutosha."