Mwalimu Aliyelala Kitandani

Arvilla Hoekstra alipika chakula cha mchana katika shule ya msingi ya mji wetu mdogo jimboni Iowa kwa miaka ishirini na mitatu, na watu walimjua kwa pai zake za cheri na kwa ulimi wake. Wenzake wa kanisani hawakujua kwamba Alhamisi mbili kila mwezi aliendesha gari hadi chuo kikuu, akavua nguo, akajifunika shuka na kupanda kitanda cha kupimia wagonjwa, ili atufundishe sisi wauguzi kupima wanawake kwa mwili wake mwenyewe. Kanisani alikuwa amesema anafundisha usafi wa mikono. Alishikilia kwamba huo si uongo, kwani hata kunawa alitufundisha.

Mimi naitwa Renae Kubicek. Nilikuwa nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka kumi na minne kabla ya kurudi shule kusomea uzamili wa afya ya wanawake, ile shahada inayomruhusu muuguzi kupima, kutambua ugonjwa na kuandika dawa mwenyewe. Niliingia darasani najiona. Watoto wote wale niliowapokea, leo mpishi wa shule anifundishe nini?

Siku ya kwanza nilimgusa goti tu, akaruka.

"Wee mama! Mikono gani hiyo, umetoka kuchimba barafu? Kapashe moto kwanza."

Nikaenda kuipasha. Niliporudi nikamwambia atulie.

"Usiniambie nitulie. Hakuna mwanamke aliyewahi kutulia kwa kuamriwa. Niambie unachofanya kabla hujakifanya. Na unitazame mimi, huko ukutani hakuna mgonjwa."

Nakiri nilishangaa, na mshangao huo haujaniisha hadi leo. Alikuwa amelala chali katika hali ambayo wengi wetu hatutaki hata kuikumbuka, na bado yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa chumba. Alituelekeza vidole: shusha, geuza, sasa bonyeza tumbo kwa mkono wa nje, hapo ndipo mji wa mimba. Alijua mwili wake kama anavyojua jiko lake.

Ukaja mtihani. Daktari Pruitt, mhadhiri wetu, alikaa pembeni na saa yake, lakini aliyetoa alama ni Arvilla. Nilipima vizuri mpaka nikafika kwenye ovari, vile vifuko viwili vya mayai ya uzazi. Nikabonyeza kulia, nikabonyeza kushoto, sikugusa kitu. Nikaona aibu. Miaka kumi na minne kazini, niseme sioni? Basi nikasema kama kitabu kinavyosema: "Ovari zote mbili ziko sawa, ukubwa wa lozi, laini."

"Zote mbili?" Arvilla akauliza.

"Zote mbili."

"Ya kushoto pia?"

"Pia."

"Basi umenifanyia muujiza, mwanangu. Ya kushoto ilitolewa nikiwa na miaka thelathini na minne."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Arvilla akainuka, akajifunika vizuri, akanieleza bila kupandisha sauti. Mwaka ule daktari mmoja alimbonyeza mara mbili haraka haraka, akamwambia yuko sawa kabisa. Siku tisa baadaye uvimbe kwenye ovari ile ulipasuka akiwa zizini analisha nguruwe, na walimkuta ameshapoteza fahamu.

"Yule daktari hakuwa mjinga," alisema. "Aliona aibu kusema hajagusa kitu. Na mimi sasa nina miaka sitini na moja. Umri huu hata ile ya kulia imesinyaa, vidole havipaswi kuipata. Umefeli."

Kanuni ya chuo ilikuwa kurudia mara moja tu. Ukifeli tena, unaondoka. Kwa wiki tatu sikulala vizuri, wala sikumchukia. Kila nilipotaka kumchukia nilikumbuka kwamba mwanamke huyu anaulaza mwili ule ule uliokaribia kufa kwa neno "sawa" mbele ya wageni, mwezi baada ya mwezi, ili mwingine asiambiwe hivyo. Mimi nisingeweza.

Siku ya kurudia nilikuwa mtu wa nne. Watatu walionitangulia walikuwa wamefaulu, na wote walikuwa wameniambia mlangoni kwamba hawakugusa kitu, kulia wala kushoto. Nikapasha mikono. Nikamweleza kila hatua. Kushoto: hakuna kitu, nikasema hakuna kitu. Kulia: pakawa na kitu.

Nikalegeza mkono, nikabonyeza tena. Kilikuwepo. Kigumu, ukubwa wa yai dogo la kuku, hakisogei. Watatu wamesema hakuna. Nikikosea, nimefeli na shule imekwisha. Ningeweza kusema hakuna kama wenzangu, na hakuna ambaye angenilaumu.

"Renae," Arvilla akasema, "umenyamaza."

"Upande wa kulia nagusa kitu, Arvilla. Kigumu. Hakikupaswa kuwepo."

Daktari Pruitt akasimama. Arvilla akamwinulia kiganja akae, kisha akanitazama mimi.

"Una uhakika?"

"Nina uhakika kwamba nakigusa. Ni nini, sijui."

Uso wake ulipauka. Nilidhani atashuka kitandani, atalia, atanifukuza. Akavuta shuka hadi kifuani.

"Mtihani haujaisha," alisema. "Sehemu ya mwisho ni kumweleza mgonjwa. Nieleze."

Nikamweleza. Nilisema kuna uvimbe, lazima apigwe picha leo leo, aonwe na daktari wa upasuaji, na kwamba hatuwezi kujua aina yake kwa vidole tu. Maneno yalinitoka mbio.

"Maneno ni mazuri," akasema, na sauti yake ilikuwa nyembamba, "ila umekimbia. Mimi nimesikia neno 'uvimbe' tu, mengine yamenipita. Kaa chini. Rudia polepole."

Nikavuta kiti, nikakaa macho yetu yalingane, nikarudia. Alisikiliza hadi mwisho, machozi yakimshuka masikioni bila yeye kuyafuta. Kisha akaomba fomu yangu ya mtihani. Aliandika "amefaulu", akatia sahihi, akampa Daktari Pruitt. Baada ya hapo ndipo aliponiomba nimshike mkono ashuke kitandani.