Nyuzi 150 Alizozisahau Tupa Mbili

Saa mbili asubuhi, chaki inakwaruza ubao katika darasa lenye dirisha lisilo na kioo. Mwalimu wa hesabu anaandika: 2cos²x + 5sin x − 4 = 0, x ikiwa kati ya nyuzi 0 na 360.

"Kosaini na saini hazipikwi chungu kimoja," anawaambia wanafunzi. "Tunafanyaje?"

"Kosaini mraba ni moja toa saini mraba," darasa linaitikia.

Anabadilisha, anapanga upya, anatumia fomula ya kipeo cha pili. Majibu yanatoka: saini ni mbili, au nusu.

"Saini haivuki moja. Kwa hiyo mbili?"

"Tupa!"

Ndiyo maana wanamwita Tupa Mbili. Amefundisha hapa miaka tisa kwa mkataba wa muhula. Shule ikifungwa, mshahara nao unafungwa, na mkewe hushona sare ili jiko lisizime.

Mwaka jana ajira ya kudumu ilimpita puani. Wakaguzi waliketi nyuma, naye akafundisha mlinganyo huu huu. Alipopata saini ya nusu, akaandika nyuzi 30, akafuta ubao. Nyuzi 150, ambazo saini yake pia ni nusu, zikamtoka kabisa. Nafasi akapewa mwingine.

Kilichomuuma zaidi alikijua baadaye, alipomuuliza kiranja wa darasa, binti mwepesi wa hesabu.

"Niliona, Mwalimu," kiranja alimjibu. "Lakini si ulitukataza kukukosoa mbele ya wageni?"

Akimsimulia mwandishi wa makala haya, aliyekuja kumtembelea darasani, Tupa Mbili anacheka, ila kicheko hakifiki machoni. "Nilichimba kisima, nikatumbukia mwenyewe," anasema.

Wiki ijayo wakaguzi wanarudi, na nafasi ni moja tu. Safari hii amegeuza amri: akikosea, wanyooshe mkono, hata akiwepo waziri.

Leo anawapima. Anaandika nyuzi 30 peke yake, makusudi, anaweka chaki mezani na kusubiri. Hakuna mkono unaonyooshwa. Kiranja anatazama ubao, kisha anatazama viatu vyake.

"Anajua," mwalimu anamnong'oneza mwandishi. "Wote wanajua. Heshima yao itaniua."

Anachukua chaki, anaandika 150 mwenyewe, kwa nguvu hadi chaki inakatika.

"Kesho narudia, na keshokutwa," anasema akipangusa vidole. "Siombi makubwa, ndugu yangu. Naomba mkono mmoja tu."