Vitofali Visivyoingia Kwenye Gorogoro

Mama yangu ameuza makaa Kipsongo, hapa Kitale, tangu nikiwa tumboni, na sijawahi kuona mtu mkaidi kama yeye. Hupima kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia mahindi. Huujaza mpaka ufanye kilima, kisha huongeza vipande viwili kwa mkono. Bila hiyo nyongeza mteja wa Kitale haondoki.

Ukataji miti ulipopigwa marufuku, lori la makaa likaacha kuja. Yalibaki magunia matatu. Yakiisha, kibanda kinafungwa, naye anarudi Matulo kwa kaka yake kungoja kulishwa. "Heri nife," alisema, na hakuwa anatania.

Mimi ndiye niliyejitia ujuaji. Nilikwenda Bungoma nikafundishwa kwa siku tatu jinsi ya kuchoma magunzi ya mahindi ndani ya pipa, kuyasaga, kuyachanganya na uji wa muhogo na kuyashindilia yawe vitofali. Magunzi, jamani! Huku kwetu yanaoza kila boma. Vitofali vitatu viliivisha maharagwe mama akitazama, bila moshi. Akakubali.

Wiki ya pili wateja wakaanza kufoka. "Mama, hii makaa yako ni vumbi bana! Ati inapika maharagwe? Hata chai imenishinda!"

Sikuelewa. Jumamosi, siku nisiyofundisha, nikaenda kujionea. Nikamkuta mama kwenye kigoda chake, nyundo mkononi, anavunjavunja vitofali vyangu kimoja baada ya kingine.

"Mama, unafanya nini?"

"Haziingii kwa gorogoro," akasema bila kuinua macho. "Zinaacha nafasi katikati. Mtu ataona nimemwibia."

Damu ilinichemka. Nilikuwa nimemwambia mara ngapi kwamba kitofali hudumu motoni kwa sababu ni kizima? Kwamba huuzwa kwa kuhesabu, si kwa kujaza mkebe? Nikamfokea mbele ya watu, mama yangu mzazi, na mpaka leo naona haya. Alinyanyuka, akaniwekea nyundo mkononi.

"Basi uza wewe, mwalimu."

Akavuka barabara kununua mboga.

Mteja wa kwanza alikuwa na mtoto mgongoni. Nikamhesabia vitofali vitano. Akavitazama, akanitazama mimi. "Tano tu? Si unipimie kama mama yako?" Nikamweleza habari za joto na hewa na uji wa muhogo. Alisikiliza kwa adabu, akaenda zake. Wa pili hata hakungoja nimalize.

Wa tatu alikuwa mzee tuliyemjua miaka yote. Aliinama, akagusa kitofali kwa kidole, akacheka kidogo, akageuka. Gunia la vitofali lilikuwa vilevile nilivyolikuta. Ng'ambo ya barabara mama alikuwa amesimama na mboga zake, anatazama. Nikakumbuka Matulo.

"Ngoja, mzee," nikaita. "Nakupimia."

Nikavuta gorogoro karibu, nikainua nyundo.